Bastola na Mfuko wa Posta

Wako watu wasemao kuwa posta ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Kwa hoja hiyo hupinga kila mswada wa sheria ukusudiao kuzuia silaha zisipelekwe kwa vifurushi. Methali ni ya kweli, walakini wameitia mahali pasipo pake. Mjumbe husalimika kwa sababu aletalo ni neno la mwingine, na neno halitoboi kifua. Achukuaye bastola kumpelekea mtu asiyemjua, kwa jina lisilo lake, hakuleta neno.

Ushahidi ulio wazi tunao kutoka Marekani. Mwaka 1927 Kongresi ya nchi hiyo ilipiga marufuku kupeleka kwa posta bastola na silaha nyinginezo ziwezazo kufichwa mwilini, isipokuwa kwa maafisa na wafanya biashara wa silaha. Huko kulikuwa kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Sheria ilimkataza mtu wa posta, wala haikumkataza mwuzaji. Makampuni ya watu binafsi yaliyochukua vifurushi hayakuguswa. Bunduki ndefu nazo ziliendelea kusafiri ndani ya posta yenyewe, kana kwamba risasi yake ni ya upole kuliko ya bastola!

Matokeo yalionekana mwaka 1963. Lee Harvey Oswald alikata tangazo katika gazeti la American Rifleman la Februari, akapeleka hawala ya posta ya dola 21 na senti 45 kwa duka la Klein's, Chicago: bei ya bunduki, darubini yake na gharama ya kuipeleka. Bastola aliiagiza Los Angeles kwa dola 29 na senti 95. Zote mbili aliziagiza kwa jina la uongo, Hidell, na zote zilitumwa siku moja, Machi 20. Bunduki ilikwenda kwa posta mpaka sanduku lake la Dallas. Bastola, iliyokatazwa posta, ilipita dirishani: ilichukuliwa na kampuni ya Railway Express, naye akalipa salio alipoipokea. Novemba 22 bunduki ilimwua Rais Kennedy. Kabla saa moja haijatimia, bastola ilimwua askari wa polisi.

Yafaa msomaji ajue kuwa mswada ulikuwako tayari. Seneta Thomas Dodd wa Connecticut aliuleta Agosti ya mwaka huo, ukihusu bastola. Baada ya mauaji akaongeza bunduki. Ulitaka nini? Mnunuzi ale kiapo cha maandishi juu ya umri wake na kwamba hakukatazwa na sheria kuwa na silaha. Basi hilo likaitwa dhuluma! Mkulima wa mbali, ilisemwa, atanyimwa bunduki ya kuwindia. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote, maana mtu wa shamba hana duka mlangoni pake. Lakini kiapo hakimnyimi kitu mtu atumiaye jina lake mwenyewe, humsumbua Hidell. Kweli, mwongo aweza kuapa uongo. Na aape: hapo amekwisha kutenda kosa karatasini, na serikali ina la kumshika nalo kabla ya risasi.

Mswada ulifia katika kamati mwaka 1964. Aprili 1968 akauawa Martin Luther King. Juni, Robert Kennedy, nduguye rais. Ndipo Oktoba 22 Rais Johnson alipotia sahihi sheria iliyomzuia mwuzaji kumpelekea mnunuzi wa kawaida bunduki kutoka jimbo moja hadi jingine. Wapinzani hupenda kutukumbusha kuwa bunduki iliyomwua King ilinunuliwa dukani Birmingham, haikuja kwa barua. Ni kweli, na haiwasaidii. Yaonyesha tu kuwa Kongresi ilingoja maiti wawili wengine ili kuziba tundu ililolionyeshwa miaka mitano nyuma.

Tofauti ya sheria hizi mbili imo katika mtu aliyeshikwa nazo. Ile ya 1927 ilishika mfuko wa posta, mwuzaji akabadili gari. Ile ya 1968 ilimshika mwuzaji mwenyewe, atumie posta au gari la moshi. Atungaye mswada wa namna hii, po pote pale, aanze kifungu cha kwanza na mwuzaji, cha pili na mnunuzi; posta ingoje cha tatu.