Uji Usipite Njia ya Pumzi

Akina baba na akina mama wa Bariadi, jamaa akilazwa hospitali, ama hapa kwetu ama Bugando kule Mwanza, upesi twampelekea uji. Ni upendo mwema. Lakini mgonjwa mahututi, hasa mwenye kiharusi, huenda hawezi kumeza sawasawa.

Kooni mna njia mbili: ya chakula na ya pumzi. Tumezapo, njia ya pumzi hujifunga. Koo likilegea haijifungi vema. Uji huingia mapafuni na kuleta homa ya mapafu iwezayo kuua.

Basi yafaa muuguzi ampime kwanza. Hutazama kama yu macho na anasikia maneno, humkalisha wima, kisha humpa maji kijiko kimoja kimoja. Mgonjwa akikohoa, au sauti ikawa kama yenye maji, au akahema, muuguzi huacha. Tena wako wasiokohoa kabisa, na kumbe maji yanapita pabaya. Ndiyo maana mtu wa nyumbani asijipimie.

Akiambiwa asile kwa mdomo, msidhani anaachwa afe njaa: hulishwa kwa mpira mwembamba upitao puani hadi tumboni. Msimpe uji kwa siri usiku!

Akiruhusiwa kula, mkalisheni wima, mpeni kidogo, ngojeni ameze ndipo mwongeze. Akimaliza, msafisheni kinywa, wala asilazwe upesi.

Kabla ya kumimina uji, mwulizeni muuguzi: “Amepimwa kumeza?”