Ijumaa Tukae, Jumamosi Tushike Mapanga

Wakazi wa Masalani, Kotile na vijiji vyote vya ukingo wa Tana,

Wenzetu wa Lamu na Malindi wana bahari. Pwani yetu sisi ni huu mto. Hapo watoto hujifunza kuogelea, kina mama huchota maji na kufua, wafugaji hunywesha ng'ombe. Shughuli hizo zote tunazibananisha mahali pamoja, na hakuna anayejua zamu ni ya nani. Hatari zinatupata hapo hapo.

Ya kwanza ni mamba na kiboko. Mamba hujifunza mahali ambapo watu huinama kila siku na mitungi yao, akangoja.

Ya pili ni maji yanayokuja bila hodi. Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya Seven Forks, huko juu ya mto huu, hujaa. Bwawa la Masinga likifurika, mto hupanda kwetu siku kadhaa baadaye, hata kama huku kwetu Ijara hakuna wingu. Mafuriko ya Novemba 2023 hatujayasahau. Mwishoni mwa Aprili 2024 mashua ya abiria ilipinduka Kona Punda, kati ya Madogo na mji wa Garissa. Watu 23 waliokolewa, wengine wakafa maji.

Ya tatu haionekani: kichocho. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa, minyoo hukua ndani ya konokono wa maji yaliyotulia, kisha hutoka, hasa jua la mchana likiwa kali, na kupenya ngozi ya anayeoga. Dimbwi lililoachwa na mafuriko, ambalo mzazi huliamini kwa sababu halina mamba, huenda ndilo lenye kichocho. Mtoto anayekojoa damu apelekwe hospitali. Dawa ipo, lakini haimkingi akirudi kuoga palepale.

Mengi ya haya tunaweza kuyapunguza wenyewe, tukikubaliana.

Kwanza, tuugawe ukingo. Maji ya kunywa yachotwe upande wa juu wa mkondo, kuoga na kufua kuwe chini yake, mifugo chini zaidi. Wazee wetu wakae na majirani Wapokomo, wanaoujua mto huu tangu enzi za mababu, waweke alama.

Pili, penye kuchota maji tujenge boma la nguzo na miiba ndani ya maji. Miti ya mathenge, yenye miiba, imetuvamia mashambani na malishoni. Hapa angalau itatufaa. Maafisa wa wanyamapori, KWS, watuelekeze pa kuliweka.

Tatu, mtoto asiingie majini bila mtu mzima anayemtazama. Mto ukipanda, asiogelee mtu yeyote, na mashua iliyojaa kupita kiasi isiondoke ukingoni.

Nne, tuchimbe vyoo mbali na mto na masilanga (mabwawa ya kuhifadhi maji). Mtume (SAW) alikataza kujisaidia penye maji ya watu. Maimamu walitaje hilo kwenye hotuba ya Ijumaa, na walimu wa dugsi (madrasa) na shule wawafundishe watoto.

Tano, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, maana kipindupindu hakibishi hodi mara mbili. Ya kuogea yakae siku mbili chomboni kabla ya kutumiwa, ili vijidudu vya kichocho vife.

Serikali ya kaunti nayo ina deni kwetu. Tunataka maji safi ya bomba yafike vijijini, ili mama asilazimike kumkaribia mamba kwa ajili ya mtungi mmoja. Tunataka tahadhari za mabwawa zitangazwe redioni mapema, kwa Kisomali, Kipokomo, Kiorma na Kiswahili. Tudai hayo kwa sauti moja, huku kazi yetu ikiendelea.

Ijumaa hii baada ya sala, kila kijiji kikae na kuchagua kamati ya ukingo. Wanawake wawe wengi ndani yake, kwa kuwa wao ndio huenda mtoni kila siku; wawemo pia mfugaji, mvuvi na kijana wa bodaboda. Jumamosi asubuhi tukutane mtoni. Mwenye panga aje nalo. Mathenge ya kukata ni mingi.