Ufunguo wa roboti ya kufagia umepotea, na mtoto ana pumu

Dar es Salaam. Nyumba moja ya Mbezi ina watoto wawili. Mkubwa ana miaka sita na pumu, mdogo ana miezi tisa, anatambaa na kuokota kila kinachong'aa sakafuni. Kwa ajili yao baba alinunua roboti ya kufagia. Sakafu ni ya vigae, barabara ya mtaa ni ya vumbi, na ufagio wa kawaida, kama anavyojua mzazi yeyote mwenye mtoto wa pumu, hulirusha vumbi hewani kabla ya kulitoa nje.

Baba huyo, ambaye yeye na mkewe hawakupenda majina yao yatajwe, hakuiacha roboti kama ilivyotoka dukani, kwa sababu ina kamera. Aliiwekea Valetudo, programu ya bure inayokata mawasiliano ya roboti na seva za mtengenezaji. Roboti huongozwa kwa ukurasa unaofunguka kwenye simu kupitia waifai ya nyumbani, na ramani ya vyumba haitoki nje. Programu hiyo ilianzishwa na Mjerumani Sören Beye mwaka 2018, na jina lake ni la mungu wa kike wa Warumi, wa afya na usafi.

Hofu ya baba huyo si ya kubuni. Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review la Marekani liliandika kuhusu picha zilizopigwa mwaka 2020 na roboti za majaribio za Roomba J7 ndani ya nyumba za watu. Mojawapo ni ya mwanamke akiwa chooni. Nyingine ni ya mtoto wa kiume wa miaka kama minane au tisa, amelala kifudifudi kwenye korido, uso wake ukionekana. Picha zilikuwa zimepelekwa kwa kampuni ya Scale AI ili vibarua waziwekee alama za kufundishia kompyuta, na vibarua waliokuwa Venezuela wakazirusha kwenye makundi ya mtandaoni. Kampuni ya iRobot ilijibu kuwa roboti hizo hazikuwa za kuuzwa na kwamba waliokaa nazo walikubali kwa maandishi. Mtoto wa umri huo hatii saini makubaliano.

Basi roboti ya Mbezi ilifagia kwa amani hadi masika, laptopu ya baba ilipoingia maji. Yeye alikuwa amehamishiwa Mwanza kikazi. Programu ya roboti ilikuwa na zaidi ya mwaka bila kusasishwa, na siku hizo ilikuwa ikipotea njia na kusimama katikati ya chumba cha watoto huku vumbi la chini ya kitanda likibaki palepale. Usiku mtoto mkubwa alianza tena kukohoa. Jumamosi mama akamwita mdogo wa mumewe, kijana anayefanya kazi za kompyuta.

“Shemeji, nipe ufunguo niingie,” alisema kijana.

“Ufunguo gani tena, shemeji? Si umeshaingia?”

Alikuwa akiulizia ufunguo wa kidijitali. Anayeweka programu ya aina hii hutengeneza funguo mbili zinazoshabihiana: mmoja unakaa ndani ya roboti, mwingine kwenye kompyuta yake. Wa kompyuta ukipotea, hakuna kitufe cha “nimesahau nywila” wala kampuni ya kutuma namba kwa ujumbe mfupi. Ndiyo gharama ya kujitoa kwenye seva za mtengenezaji: mwenye kitu ndiye mwenye dhamana yote.

Kijana alitaka kubonyeza vitufe airudishe roboti ilivyotoka kiwandani. Mama akamshika mkono, akampigia mumewe kwanza. Alifanya vizuri. Kurudisha kiwandani hakuleti ufunguo uliopotea, na kwa baadhi ya roboti kunafuta Valetudo yenyewe. Familia inabaki na mashine inayodai kuunganishwa na seva zilezile zilizokimbiwa.

Kwenye simu baba aliuliza swali moja tu: ukurasa wa roboti bado unafunguka? Unafunguka. Basi sehemu kubwa ya kazi haikuhitaji ufunguo. Kuna programu mbili ndani ya roboti hii. Ya mtengenezaji iko chini, inaendesha magurudumu, brashi na vihisi. Valetudo imekaa juu yake, na ukurasa wake una sehemu ya kujisasisha. Mama mwenyewe, roboti ikiwa kwenye chaja, alibonyeza kutafuta toleo jipya, kupakua, kisha kuliweka. Roboti ikazima na kuwaka. Uji wa mdogo ulikuwa haujapoa.

Programu ya chini ndiyo yenye kazi. Valetudo haiisasishi, na bila ufunguo lazima kupitia mlango wa mafundi. Roboti yao ni ya Dreame, na modeli nyingi za kampuni hiyo zina soketi ndogo chini ya kifuniko cha juu. Huunganishwa na kompyuta kwa adapta ya volti 3.3. Nywila ya kuingilia hapo hukokotolewa kutokana na namba kamili ya roboti iliyo kwenye stika chini ya kisanduku cha uchafu. Akishaingia, fundi anaweza kuweka ufunguo mpya. Kabla ya kugusa kingine anapaswa kunakili data za vipimo za roboti hiyo, kwa kuwa kila moja ina zake na zikipotea huwezi kuazima za jirani.

Kazi hiyo si ya kufanyia sebuleni mtoto akitambaa. Kijana aliahirisha hadi adapta ifike, na alifanya akiwa chumbani, mlango umefungwa.

Kama laptopu yako imeibwa badala ya kuharibika, badili nywila ya waifai, maana aliye nje ya mtandao wa nyumba hawezi kuutumia ufunguo huo. Roboti itapotea kwenye mtandao, na hapo wengi hukosea. Kufuta mipangilio ya waifai na kurudisha kiwandani ni vitu viwili tofauti, japo vyote hufanywa kwa kushikilia vitufe. Soma maelekezo ya modeli yako kabla ya kushikilia chochote.

Na kikohozi? Roboti haifiki kwenye godoro, na utitiri wa vumbi hupenda magodoro na mito kuliko vigae. Mashuka ya mtoto yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto, ya nyuzi 60 yakipatikana. Kisanduku cha uchafu kimwagwe nje na mtu asiye na pumu, mtoto akiwa mbali. Kichujio nacho kina muda wake, na ukurasa wa Valetudo huonyesha saa zilizobaki. Cha Mbezi kilikuwa kimepitiliza siku nyingi bila mtu kufungua ukurasa huo. Dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu, kama daktari ameiandika kila siku, haipunguzwi kwa sababu sakafu imekuwa safi. Mama alikiri kuwa walikuwa wameilegeza tangu roboti ilipoingia nyumbani, na wiki iliyofuata alimrudisha mtoto kliniki.

Ufunguo mpya uko kwenye flashi mbili. Moja iko Mwanza. Nyingine imo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, pamoja na kadi za kliniki za watoto, ikiwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: “YA ROBOTI. USIFUTE.”