Mkia wa Farasi: Dawa ya Bara Iliyoingia Majumbani Mwetu

Juma hili tunajibu barua ya mama mmoja ambaye mumewe anafanya biashara Chepseon, katika nchi ya chai, kwenye njia itokayo Kericho kuelekea Nakuru. Bwana alirudi na kifuko cha vijiti vikavu, vyembamba, vyenye pingili pingili mfano wa muwa mdogo. Aliyemuuzia alimwambia kuwa ni dawa ya mafigo, ya mifupa na ya kuotesha nywele. Mama ni mjamzito wa miezi mitano, anahisi kuchomwa aendapo haja ndogo, naye anauliza: avichemshe anywe, au aviache?

Aviache, na asubuhi aende kliniki kupimwa mkojo. Maradhi ya njia ya mkojo kwa mja mzito hupanda haraka hadi kwenye mafigo na yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Zipo dawa za hospitali zinazomfaa mwenye mimba, ilhali usalama wa mmea huu kwake haujathibitishwa. Akishikwa na homa au maumivu ya kiuno, asingoje hata hiyo asubuhi.

Baada ya hilo, mmea wenyewe tuueleze, kwani tunasikia umeanza kupita mkono kwa mkono mitaani mwetu. Waarabu huuita dhanab al-khayl, yaani mkia wa farasi, na jina lake la kitaalamu, Equisetum, lina maana iyo hiyo. Hauna ua wala mbegu; huota penye unyevu, kandokando ya mito. Si dawa ya jana. Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 1 ambaye kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad, aliutaja kuwa huzuia damu. Vijiti vyake vimejaa silika, ile iliyomo mchangani, na kwa sababu hiyo watu wa Ulaya walivisugulia vyombo vya bati. Hiyo silika ndiyo iliyozaa madai ya nywele na mifupa, ambayo ushahidi wake ni haba mno.

La mkojo lina msingi zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Brazil waliwapa wanaume 36 wenye afya dondoo la mmea huu, wakaona kuwa huongeza mkojo karibu sawa na kidonge cha hospitali. Lakini wale walikuwa wazima, tena wanaume, na mmea ulikuwa Equisetum arvense wa nchi za baridi. Unaoota kwetu Afrika Mashariki ni Equisetum ramosissimum, ndugu yake, na ndugu si lazima wafanane tabia. Yupo na ndugu wa tatu, Equisetum palustre, mwenye sumu inayodhuru mifugo. Kijiti kikishakauka na kukatwakatwa, nani kati yetu atawatenganisha?

Khatari kubwa ni kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, kinachovunja vitamini B1 mwilini. Farasi waliolishwa nyasi zilizochanganyika na mmea huu waliyumba na hata kufa. Nchini Kanada dawa za mmea huu haziruhusiwi sokoni mpaka ithibitike kuwa hazina kimeng'enya hicho. Moto hukipunguza, basi unga mbichi unaokorogwa katika asali au uji ni wa kuogopwa zaidi kuliko maji yaliyochemshwa. Sisi watu wa wali mweupe, uliokobolewa ukapoteza B1 yake, tuna sababu zaidi ya kuhadhari, na mjamzito anayetapika kila siku ana sababu kubwa kupita wote.

Asiutumie mwenye maradhi ya moyo au mafigo, ajapovimba miguu na kudhani kuwa kukojoa sana kutamfaa. Watoto wasinyweshwe. Anayetumia vidonge vya presha, vya kisukari au lithiamu amwulize daktari kwanza. Na kwa kuwa wataalamu wa Ulaya wanaouruhusu husisitiza kunywa maji mengi pamoja nao, hauwi dawa ya mchana wa Ramadhani wala ya daku. Kuosha jeraha dogo la juujuu kwa maji yake yaliyochemshwa hakuna ubaya mkubwa.

Wauzaji nao tuwakumbushe. Mtume wetu (SAW) alihimiza kutafuta matibabu, na pia alifundisha kuwa anayejitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Dawa za miti zinazouzwa madukani hapa Kenya husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu; kifuko kisicho na jina la mmea, namba wala tarehe hakijapita huko.

Aliyekwisha kuutumia kwa majuma kadhaa, akahisi ganzi ya miguu, moyo kwenda mbio au kuyumba atembeapo, auache leo na aende hospitali akiwa na kile kifuko mkononi, wapate kukiona.