Msinunue hema kwa mizani peke yake

Anayelala njiani na mzigo wake, au anayetembea njia ya Congo Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi hapa kwetu Rusizi, huuliza swali moja dukani: hema hili lina kilo ngapi? Swali zuri, ila halitoshi.

Nyungwe hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na upepo wa Ziwa Kivu hauna adabu. Hema jepesi la tabaka moja hutoa jasho usiku. Asubuhi unga umelowa na mtaji umekwenda. Heri uongeze kilo moja upate la tabaka mbili, fupi, la nje likishuka karibu na ardhi, lenye kamba pande zote. Vigingi vyembamba hung'oka kwenye tope letu.

Ndugu waliorejea kutoka kambini wanajua haya kuliko muuzaji yeyote. Shitingi ya UNHCR, mita 4 kwa 5, iliwahifadhi kwa sababu walikaza kamba na kuchimba mfereji pembeni.

Mwambie muuzaji alisimamishe hapohapo, umwage ndoo ya maji kwenye mishono. Akikataa, nenda duka la pili.