Jiko la Mkaa Lisilale na Watoto



Sisi wa visiwani tabu yetu ni joto. Ukiolewa Kasulu au Kibondo, kule nyanda za juu za Kigoma, usiku wa Juni na Julai utaijua baridi. Basi dirisha linafungwa, kanga inazibwa chini ya mlango, na jiko la mkaa linaingizwa chumbani walimolala watoto. Ukiuliza, unaambiwa: makaa yamekolea, hayana moshi, hayana neno.

Yana neno kubwa! Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na huishika damu kuliko oksijeni. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija, tunasingizia malaria. Beseni la maji pembeni halizuii kitu.

Tena tusijifiche nyuma ya kadari. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuacha moto ukiwaka nyumbani tunapolala. Hilo tumelisahau?

Ikague nyumba kabla ya baridi. Tia dari chini ya bati, nunua blanketi zito, na matundu ya hewa juu ya dirisha usiyazibe. Jiko lilale nje.