SOLA ILIYO JUU YA PAA NI MALI YA NANI?

Ndugu wafanya kazi,

Siku hizi wengi wetu hatungoji kustaafu ndipo tutafute mahali pa kulala. Mtu hupata mkopo wa sacco, mkewe huongeza kidogo kutoka biashara yake, nao hununua kijumba Kitengela, Ruiru, Mlolongo au Nakuru. Jambo hilo ni jema. Lakini nyumba nyingi zinazouzwa sasa zina paneli za sola juu ya mabati, na kwa ajili ya paneli hizo muuzaji huongeza bei. Maoni yangu ni haya: mfanya kazi asilipe hata senti moja kwa sababu ya sola mpaka aonyeshwe kwa karatasi kwamba sola hiyo ni mali ya yule anayemwuzia.

Najua wako watakaonijibu, "Kilichofungwa katika nyumba ni cha nyumba. Nani anayenunua nyumba akauliza mlango ni wa nani?" Jibu hilo si la kipumbavu. Sheria tuliyorithi kwa Waingereza yakubali kwamba kitu kilichofungwa imara katika nyumba, tena kwa nia ya kuifaa nyumba yenyewe, huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba na huuzwa pamoja nayo. Mlango ni hivyo, na dirisha ni hivyo. Lakini sola haifanani na mlango kwa jambo moja: milango haikodishwi, wala hailipiwi kidogo kidogo kwa simu. Na mtu hawezi kukuuzia haki ambayo yeye mwenyewe hana.

Sisi wa reli twalijua jambo hili kuliko wengine. Behewa likisimama mwezi mzima katika njia ya pembeni ya kiwanda, halijawa la kiwanda. Mzigo ni wa kiwanda, geti ni la kiwanda, lakini behewa lina namba yake, na namba hiyo imo katika daftari la reli. Mwenye kiwanda akiuza kiwanda chake kesho, behewa halimo katika bei. Basi na sola ni vivyo hivyo. Usitazame imekaa wapi; tazama imeandikwa kwa nani.

Ziko njia nne ambazo sola hufika juu ya paa.

Ya kwanza, mwenye nyumba aliinunua kwa fedha taslimu. Huyo ana risiti, na mali ni yake.

Ya pili, aliichukua kwa malipo ya kidogo kidogo. Njia hii imeenea katika Kenya tangu mwaka 2012 hivi, kwa kuwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilimwezesha mtu kulipa hata kila siku. Katika mapatano mengi ya namna hii mali hubaki ya kampuni mpaka malipo ya mwisho. Tena ndani ya mtambo mna kifaa cha kuufunga malipo yakikoma. Hahitaji kuja mtu na ngazi. Taa huzimwa kutoka mbali.

Ya tatu, kampuni ilifunga mitambo kwa gharama yake, na mwenye nyumba hulipa kodi ya mwezi au hununua umeme unaotoka pale. Huyo hana sola. Ana mkataba tu. Huko Marekani mikataba ya namna hii mara nyingi ni ya miaka 20 au 25, na mtu anayenunua nyumba hutakiwa aurithi mkataba, ama muuzaji aumalize kwanza. Na sisi tusingoje kufundishwa na hasara.

Ya nne, mwenye nyumba alikopa akaiweka sola kuwa dhamana. Mali ni yake, lakini imefungwa kwa deni.

Ukisimama chini ukatazama juu, njia zote nne zaonekana sawa. Paneli ni zile zile na jua ni lile lile.

Mwenzetu mmoja wa karakana alinunua nyumba mwaka jana. Muuzaji alitaka shilingi 150,000 zaidi kwa ajili ya sola, naye akakubali, maana watoto wake husoma usiku. Wiki ya tatu taa zikazimika. Alipopiga simu kwa namba iliyobandikwa juu ya kisanduku akaambiwa deni bado halijamalizwa. Muuzaji hapatikani tena kwa simu. Mwenzetu akalipa salio ili watoto wasikae gizani. Hivyo sola moja ameilipia mara mbili, na mara ya kwanza ni kwa fedha ya mkopo, inayokatwa katika mshahara wake kila mwezi.

Wako waliomcheka. Mimi sioni la kucheka. Mtu huyu alifanya kama alivyofundishwa. Alitafuta habari za ploti katika ofisi ya ardhi, akaweka wakili, na sacco ikapitisha mkopo. Lakini hati ya ardhi husema habari za ardhi. Huonyesha mwenye ploti, na kama iko rehani ya benki au zuio. Haisemi neno juu ya inveta iliyo ukutani. Kila mmoja alitazama karatasi yake, na hapakuwa na aliyepewa kazi ya kuuliza habari za sola. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, ndugu, yafaa tufanye haya kabla ya kutoa amana.

Kwanza, taka risiti na mkataba wa sola. Jina liwe la muuzaji, na namba zilizo juu ya inveta na betri zilingane na za karatasi.

Pili, iulize kampuni yenyewe, kwa namba uliyoitafuta wewe, si ile uliyopewa na muuzaji. Muuzaji alete barua ya kampuni kwamba hakuna deni lililobaki. Ikiwa sola ni ya kukodi, chagueni mapema: ama muuzaji amalize mkataba, ama mitambo iondolewe na paa lizibwe kwa gharama yake, ama wewe uurithi mkataba kwa idhini ya kampuni, na bei ya nyumba ipunguzwe.

Tatu, pekua daftari la serikali la dhamana za mali zinazohamishika, lililowekwa na sheria ya mwaka 2017. Mtu yeyote aweza kulipekua kwa namba ya kitambulisho cha muuzaji.

Nne, yote yaandikwe. Sheria ya Mikataba ya Kenya yataka mapatano ya kuuziana ardhi yawe ya maandishi, yenye sahihi na shahidi. Basi humo humo iandikwe paneli ni ngapi, inveta ni ipi, betri ni ngapi, kwamba hazina deni, na nani atalipa deni likitokea. Wakili azuie sehemu ya bei mpaka barua ya kampuni ifike.

Tano, uliza umri wa mitambo, na kama ilifungwa na fundi mwenye leseni ya EPRA. Paneli nzuri zaweza kutumika miaka 25, lakini betri za maji ya asidi mara nyingi hazifiki miaka mitano. Usilipe bei ya mpya kwa betri iliyo karibu kufa.

Na wewe mwanachama unayeuza nyumba, neno hili lakuhusu pia. Ukijua sola yako ina deni ukanyamaza, umemwibia mfanya kazi mwenzako kama vile ungemtia mkono mfukoni.

Mwisho nasema na viongozi. Ombi langu ni kwamba kila tawi liwatake wajumbe wetu katika kamati ya mikopo ya sacco waongeze swali moja katika fomu ya mkopo wa nyumba: "Je, nyumba ina sola, na barua ya kutokuwa na deni iko wapi?" Bila barua, fedha ya sola isitoke. Wako watakaosema jambo hili litachelewesha mikopo. Ni kweli, laweza kuichelewesha siku chache. Lakini mkopo wa nyumba hulipwa miaka mingi, na kila shilingi iliyolipwa bure ni saa ya kazi ya mtu. Katibu wa tawi aliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, nasi tulipigie kura.

Ni mimi mwanachama wenu,
Mfanya kazi wa Reli